Nyota Kwenye Ncha Mbili za Mstari

Mama yangu mpaka leo huwaambia majirani kwamba mwanawe alikuwa "mchora visanduku," na hakosei sana. Kwenye barua ya ajira nilikuwa mchambuzi wa mifumo ya kompyuta, jina ambalo huku Kiembe Samaki halimsaidii mtu. Ukilitaja tu, jirani anakuletea simu yake iliyopasuka kioo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kabla watu wa programu hawajaandika chochote, lazima mtu mmoja akae achore. Anachora kisanduku, ndani yake anaandika Mtoto. Anachora kingine, anaandika Skuli. Halafu anapiga mstari wa kuviunganisha, na kwenye kila ncha ya mstari anaandika ni vingapi. Skuli moja ina watoto wengi. Mtoto mmoja ana skuli moja. Basi. Hapo penye "vingapi" ndipo zilipokwenda nywele zangu.

Nimestaafu mwezi uliopita, kwa hiari, mapema kidogo kuliko sheria inavyotaka. Salma, aliyerithi meza yangu, kaniomba niwaandikie wenzake yale ambayo hayamo kwenye vitabu. Nimemwambia yaliyomo vitabuni ndiyo mengi na ndiyo ya maana. Hakuniamini, na mimi sikujiamini sana, kwa hiyo ninaandika.

Siku ya kwanza nilifika ofisini na kitabu kinene cha chuo kikuu kwapani, jina langu limeandikwa mbele na nyuma kama kwamba kingegombaniwa. Ofisi ilikuwa Mji Mkongwe, juu ya nyumba ya zamani, ghorofa ya pili, chini ya dari ya boriti iliyomwaga chokaa kila anapopita mtu juu. Mchoro wowote ukiuacha mezani asubuhi, adhuhuri ulikuwa na theluji. Mkuu wangu wa kazi alikuwa Bwana Anver, Muhindi wa Mji Mkongwe kwa vizazi, mwembamba, shati jeupe mikono mirefu, penseli sikioni. Alikitazama kitabu changu, akakichukua kwa heshima zote, akakiweka juu ya karatasi zake zisipeperuke na feni. Kikakaa hapo miaka.

Kisha akalichomoa kufuli kwenye kabati na kuliweka mbele yangu.

"Bwana Haji. Kufuli moja, funguo ngapi?"

"Mmoja."

Akatoa mfukoni fungu la funguo tatu zinazofanana. "Linauzwa na hizi. Mmoja wangu, mmoja wa karani, mmoja umeshapotea mara mbili. Sasa geuka upande wa pili. Ufunguo mmoja, makufuli mangapi?"

Hapo nilikuwa na uhakika. "Moja, bwana. Ndiyo maana ya ufunguo."

Akainuka, akachukua ufunguo uleule, akafungua droo yangu, akafungua kabati la pili, akafungua sanduku la sukari la bibi wa mapokezi, ambaye alipiga ukelele.

"Ya madukani Mlandege haya," akasema. "Yameletwa katoni nzima. Ufunguo wowote unafungua lolote. Hukuuliza. Ulijibu maana ya ufunguo, mimi nimekuuliza huu."

Hilo ndilo somo, na niliendelea kujifunza hilohilo mpaka nikastaafu. Kila mstari una ncha mbili, na kila ncha ina swali lake. Unasimama kwenye kisanduku cha kwanza ukiwa na kimoja tu mkononi, unauliza upande wa pili vipo vingapi. Halafu unavuka, unauliza tena kutoka kule. Watu wengi huuliza mara moja wakakimbilia chai.

Na unachora kwa penseli. Bwana Anver alikuwa na wembe wa kukwangulia wino, lakini alisema anayefikia kutumia wembe ameshachelewa. Sisi wa chuo tulitaka kuchora moja kwa moja kwenye kompyuta, maana mistari inatoka imenyooka na visanduku vina rangi. Yeye alikataa. Mchoro mzuri wa macho, alisema, watu wanaona haya kuukosoa. Mchoro wa penseli wenye alama ya kikombe, kila mtu anautia kidole.

Walioutia kidole walikuwa wengi. Tulipotengeneza mfumo wa kuandikisha ndoa, nilichora kisanduku cha Mume, kisanduku cha Mke, na kwenye ncha ya upande wa Mke nikaandika sifuri mpaka nne, kama dini inavyosema. Kampuni ya nje iliyokuwa ikiandika programu ikatuma ujumbe kuuliza kama tumekosea kuchapa. Bibi wa mapokezi hakuuliza. Alikuja na chai, akasimama juu ya bega langu.

"Hiyo nne umeiandika kwa wino?"

"Kwa penseli, Bi."

"Basi usijisumbue kuikoleza."

Bwana Anver alistaafu, nikakaa kwenye kiti chake na penseli sikioni, na kitabu changu kikaendelea na kazi yake ya kuzuia karatasi. Nitaruka miaka mingi hapa, maana ilijaa mikutano, na mkutano hauwezi kusimuliwa na mtu akabaki na wasomaji. Nataka kuwapeleka moja kwa moja kwenye kazi iliyonikaa moyoni kuliko zote: mfumo wa kuandikisha watoto wanaoanza skuli.

Ulikuwa wa majaribio, skuli moja tu, kusini ya kisiwa, katika kijiji ambacho wanawake wengi wanalima mwani. Nilikwenda kuuliza maswali yangu. Nikakaa kibarazani mwa skuli, na akina mama wakaja kutoka pwani na kanga zilizorowa mpaka magotini. Nikaanza na ncha ya kwanza: mzazi mmoja, watoto wangapi?

"Una watoto wangapi, Bi?"

"Wapo."

"Wangapi lakini?"

"Alhamdulillahi. Wapo."

Nikamgeukia wa pili. Wake nao walikuwapo. Wa tatu alinitazama kwa huruma. "Kaka, ukishawahesabu utawapeleka wapi?"

"Siwapeleki popote, Bi. Naandika tu."

"Aa. Basi andika wapo."

"Anataka kuwanunulia viatu huyu," akasema mwengine, na kibaraza kizima kikacheka.

Mimi ni mtoto wa hapahapa, na nilipaswa kujua. Mama wa kwetu hakusomei idadi ya wanawe mbele ya watu, kama vile hakufungulii jungu lake ukachungulia. Kijicho kipo, na hata kama hakipo, ya nini kukijaribu? Mama yangu mwenyewe tukiwa wanne alikuwa akisema "wapo wapo," kama kwamba hana hakika. Nilikuwa nimesoma mpaka nikaenda kuwauliza watu hesabu ya watoto wao kibarazani, hadharani, na kalamu mkononi.

Lakini sikuondoka mikono mitupu. Katika michoro yetu kuna alama ya nyota. Unaiweka kwenye ncha ya mstari kusema vipo vingi, hatuvihesabu, wala hatuviwekei mwisho. Nilipokuwa kijana niliiona alama ya uvivu. Siku ile nikaona kwamba kijiji kizima kilikuwa kimenijibu kwa nyota, tena bila kukosea hata mmoja. Nikaiweka upande wa watoto, nikaikoleza.

Ncha ya pili sikuiuliza kijijini. Ilishaamuliwa mjini, mkutanoni. Mkurugenzi wetu, Bwana Othman, alitaka kila mtoto awe na mzazi au mlezi mmoja: jina moja, simu moja, saini moja. "Mtoto akiumwa skuli, nimpigie mmoja, si ukoo mzima." Ilikuwa hoja ya mtu mwenye akili. Nikaandika moja.

Wiki ya kuandikisha ilipofika nilikwenda kukaa na karani wa skuli, Asha, msichana mchangamfu aliyeigusa kompyuta mpya kama anayepima joto la mtoto. Mambo yalikwenda. Akaja mama, akataja jina, akaenda. Kisha, karibu na adhuhuri, wakaja ndugu wawili na mtoto mmoja kati yao.

Mkubwa alikuwa Patima, mwanamke mrefu wa sauti ya chini. Mdogo alikuwa Mwajuma. Mtoto alikuwa Maryam, begi jipya mgongoni ingawa skuli ilikuwa bado kufunguliwa. Asha anawajua wote, kijiji ni kimoja, naye ndiye aliyenieleza baadaye. Maryam alizaliwa na Mwajuma. Patima hakujaaliwa. Maryam alipoachishwa ziwa, Mwajuma alimpeleka nyumba ya pili kwa dada yake, na huko ndiko alikokulia. Baba mtu alikuwa ameshafariki. Haya ni mambo ya kawaida kwetu, na hakuna aliyewahi kuyahitaji kwa maandishi.

"Mama wa Maryam nimuandike nani?" Asha akauliza.

"Dada," akasema Mwajuma.

"Nani, mimi?" Patima akashtuka. "Mimi nimezaa lini? Muandike mwenye uchungu wake."

"Uchungu wangu siku moja. Wako miaka mitano. Muandike Patima."

"Asha, usimsikilize. Muandike Mwajuma."

"Jamani, mashine inataka mmoja."

"Basi iambie ingoje."

Nikadhani ni adabu ya mlangoni, ile ya pita wewe, la, pita wewe, ambayo mwishowe mmoja hupita. Nikangoja, mashine ikangoja. Hakupita mtu. Wakaanza kusemeshana kwa Kimakunduchi cha huko kusini, haraka, na mimi wa mjini nikabaki kushika neno moja katika kumi. Asha, kwa kuchanganyikiwa, akainama kwa Maryam.

"Hebu tuambie wewe. Mama yako nani?"

Patima alimziba mtoto masikio kwa viganja vyake viwili.

"Hilo haulizwi mtoto," akasema. Hakupaza sauti, lakini Asha aliinuka kama aliyechomwa.

Nikawaomba watoke nje, kibarazani, tuzungumze. Mwajuma akampeleka mtoto bombani kunywa maji, na Patima akaniambia bila kunitazama.

"Nikiandikwa mimi, watu watasema nimemnyang'anya mdogo wangu mtoto. Sitaki. Akiandikwa yeye, siku Maryam akianguka hapa ataitwa yeye, mie ntakuwa nyumbani nshapika, namngoja, sijui kitu. Mie sitaki jina, kaka. Nataka niitwe."

Akaenda yeye bombani, akaja Mwajuma.

"Nikiandikwa mimi," akasema, "itakuwa nshamchukua mwanangu mbele ya watu. Na dada yangu hatosema kitu, wallahi. Atasema vyema, atakwenda zake kwenye mwani. Hapo ndipo ntapokufa mie."

"Na mtoto asipoandikwa?"

"Atangoja mwaka mwengine," akasema, na macho yakamjaa maji, kwa sababu begi walishalinunua.

Uandikishaji ulikuwa unafungwa mwisho wa wiki. Asha alijaribu kuhifadhi jina la Maryam bila mama. Mfumo ukakataa, kama nilivyouchora ukatae.

Nikarudi mjini. Kabla ya ofisi nilipita kwa Bwana Anver, aliyekuwa ameshakuwa jirani yangu huku Kiembe Samaki na anafuga ndege wa kanari. Nikamchorea hadithi nyuma ya bahasha. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya chungwa.

"Weka nyota na upande huo," akasema.

"Nimelifikiria. Nikiweka nyota pande zote mbili, mstari hautaniambia nani kazaa na nani kalea. Watakuwa majina mawili tu."

"Mstari una maneno mengi?"

"Mengi."

"Basi ujengee nyumba." Akachukua penseli sikioni, maana ilikuwa bado ipo, akaukata mstari wangu katikati, na pale ulipokatika akachora kisanduku kidogo. Ndani akaandika Ulezi. "Mtoto huku, mtu mzima huku, na katikati huyu. Huyu ndiye anayejua. Kila ulezi una mtoto wake mmoja na mtu wake mmoja, na jina la kazi: kuzaa, kulea, kusomesha, chochote. Ulikuwa unatafuta mama. Ulichokosa ni ulezi."

Nilikuwa nimeshawafundisha vijana hilo mwenyewe, kwa mfano wa wagonjwa na madaktari, na kitabu changu kina sura nzima. Lakini sikuwa nimeuona mstari ule kama kitu. Niliuona kama mstari.

Bwana Othman ndiye aliyebaki. Nilimkuta ofisini kwake na mchoro alioutia saini umebandikwa ukutani.

"Haji, watu wa programu wameshamaliza. Unataka kuwarudisha nyuma kwa ajili ya mtoto mmoja?"

"Leo mmoja. Tukienda kisiwa kizima watakuwa wapo."

"Mtoto ana mama wangapi, bwana? Hata kuku anajua."

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Wewe umelelewa na nani, Bwana Othman?"

"Na bibi yangu. Mbweni."

"Na mama?"

"Mama alikuwapo! Alikuwa anakuja. Alikuwa…" Akaitazama karatasi ukutani. "Skuli alikuwa ananipeleka bibi. Sare ananishonea mama. Nikichapwa na mwalimu walikuwa wanakuja wote wawili, aibu tupu."

"Basi ungemuandika nani?"

Akaichezea kofia yake. Kisha akaubandua mchoro na kunirudishia.

"Mfumo uwe tayari Ijumaa," akasema. "Na usinitilie bibi yangu kwenye mikutano yako."

Watu wa programu walinitukana kwa heshima, wakafanya. Kazi haikuwa kubwa. Jedwali moja jipya katikati, na kurasa chache za kubadilisha. Kulikuwa na jambo moja tu tulilobishana. Bwana Othman alitaka kila mtoto awe na mtu wa kuitwa kwanza, na akanitumia maagizo kwamba kisanduku cha Ulezi kiwe na nafasi ya namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikwenda kumwambia kwamba tukiweka nafasi hiyo, wale ndugu wawili watasimama tena mbele ya Asha mpaka magharibi. Ujumbe uende kwa wote kwa pamoja, nikasema, na atakayefika kwanza kafika. Akaguna. Namba ikatolewa. Katika yote niliyochora maishani, ninachojivunia zaidi ni nafasi ile ambayo haimo.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kusini. Walikuja vilevile, mtoto kati, begi mgongoni. Asha akageuza kioo cha kompyuta waone. Akaandika: Patima, kulea. Chini yake: Mwajuma, kuzaa. Patima alitangulia maana ndiye aliyekuwa amesimama karibu na meza, na hakuna sababu nyengine.

"Akiumwa, nani ataitwa?" Patima akauliza.

"Nyote," Asha akasema. "Simu zitalia pamoja."

"Zote mbili?"

"Zijaribu," nikasema.

Asha akabonyeza. Simu ikalia ndani ya mkoba wa Mwajuma, na nyengine ikalia kwenye pindo la kanga ya Patima. Kila mmoja akaitazama ya mwenzake. Kisha Mwajuma akamsukuma dada yake begani, akasema jambo kwa Kimakunduchi ambalo Asha alikataa kunitafsiria, na wakaondoka wakicheka, Maryam akirukaruka katikati na begi lake tupu.

Mfumo ule ukaenda skuli nyengine, na nyengine. Hautaji jina la mtu yeyote aliyeuchora, jambo ambalo ni sawa. Vitu vikifanya kazi vizuri watu hudhani vilikuwapo tangu zamani. Bwana Anver aliishi akaona unatumika, akasema mstari wangu mmoja umepinda. Ulikuwa umepinda kweli.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilimchukua Salma tukazunguke skuli tulizoanza nazo, apate kuwajua watu. Tulipofika kusini, Asha alikuwa akitayarisha majina ya wanaohamia sekondari mjini. Amekuwa mwanamke mzima, na kompyuta sasa anaipiga kofi ikichelewa. Nikamuomba atufungulie jina la Maryam.

Nilitarajia kuona majina mawili. Ukurasa ulikuwa umejaa. Alikuwapo Patima, alikuwapo Mwajuma, na chini yao akawapo mjomba mwenye pikipiki anayempeleka chuo cha Kurani, mke wa mjomba, mwalimu wa Kurani, khalati, ndugu wa mama, anayekaa Mlandege mjini, ambaye Maryam atakaa kwake akianza sekondari, na mtu mmoja aliyeandikwa "jirani, kusuka nywele."

"Asha, hawa wote?"

"Si mlisema hakuna mwisho?" akasema. "Walikuja wenyewe. Kila mwaka anakuja mmoja na simu yake. Mie nimkatae nani?"

Salma, ambaye ni mchambuzi kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake, alikuwa ameshatoa karatasi na penseli. Patima alikuwa kibarazani, amekuja kumchukua Maryam, amekaa kwenye ngazi na kapu la mwani miguuni. Salma akatoka nje.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani nikuulize. Huyu Maryam, wanaomlea ni wangapi?"

Patima alimtazama, kisha akanitazama mimi mlangoni, na nikaona kwamba amenikumbuka.

"Wapo," akasema. "Alhamdulillahi, mwanangu. Wapo."

Salma akanigeukia, penseli imesimama hewani.

"Weka nyota," nikamwambia.